Breka haikuruka: Mbona sola yako inaweza kuungua kimyakimya

Saa nane mchana, Githurai. Jua limekaza kama mwenye nyumba tarehe tano. Nimekaa kwa kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi wangu anazima mashine, ananusa hewa, kisha ananiuliza, "Boss, unaskia hiyo harufu?"

Ilikuwa harufu ya plastiki, kama mtu amechoma ndala. Tukaangalia juu. Kwenye mwanya kati ya ukuta na mabati kulikuwa na mwanga wa buluu unaotetemeka, na sauti kama ya samaki kwenye karai la mafuta. Kinyozi alikimbia hadi kwa boksi la stima ukutani. Breka zote zilikuwa juu. Hakuna hata moja iliyoruka. Akazishusha mwenyewe moja baada ya nyingine, akamalizia na swichi kuu. Redio ikanyamaza, taa zikazimika, feni ikasimama.

Ule mwanga wa buluu haukujali. Uliendelea kukaanga.

Msee wa duka la simu jirani alifika na ndoo ya maji, tukamzuia mlangoni. Tulimpigia fundi aliyeweka hiyo sola, akawa mteja. Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi anayeshinda kwa hadweya ng'ambo ya barabara. Hakuangalia boksi hata kidogo. Alitoka nje, akatazama paneli, akasema, "Hii haizimwi hapa chini, vijana. Swichi yake iko kule," huku akionyesha jua. Akamwomba mama wa mitumba turubai yake nyeusi, akavaa glavu za mpira, akaegemeza ngazi ya mbao upande ulio mbali na ile waya, akazifunika paneli zote sita. Mwanga wa buluu ukafa kama mshumaa uliopulizwa.

Nilienda nyumbani na nywele nusu, na swali moja: breka ilikuwa ikifanya nini wakati huo wote?

Nauliza kwa sababu mimi, wewe na kinyozi wangu tunaamini kitu kimoja: breka ipo, kwa hivyo niko salama. Nilisomea umeme miaka miwili kabla ya kuacha chuo, na hata mimi niliondoka na imani hiyo. Sasa kila mtu mtaani anaweka sola: kinyozi, saiba, mwenye ploti, mama wa kutotoa vifaranga. Kwa sola, imani hiyo ni kweli nusu. Nusu ile nyingine ndiyo huchoma paa.

BREKA HUNGOJA KELELE

Anza na umeme uliouzoea, ule wa tokeni. Nyuma ya soketi yako kuna transfoma ya mtaa, na nyuma ya transfoma kuna mitambo mikubwa ya mvuke kule Olkaria na mabwawa ya Mto Tana. Waya mbili zikigusana, hiyo mitambo yote husukuma umeme pale kwa nguvu. Waya iliyokuwa ikibeba ampea 5 hujipata ikibeba mamia. Hiyo ndiyo shoti, na ina kelele.

Breka ya kawaida imetengenezwa isikie kelele hiyo. Chukua breka ya ampea 16 ya aina ya C, ambayo utaikuta kwa maboksi mengi. Ili iruke papo hapo inahitaji umeme mara 5 hadi 10 ya kipimo chake, yaani kati ya ampea 80 na 160. Chini ya hapo, kazi inabaki kwa kipande cha chuma ndani yake ambacho lazima kwanza kipate joto, kijikunje, ndipo kifyatue. Na hicho hakina haraka. Kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani kinasema kwamba ukipitisha umeme mara 1.45 ya kipimo chake, breka inaruhusiwa kuchukua hadi saa nzima kabla ya kuruka. Saa nzima, buda. Mechi karibu iishe.

Sasa geuza paneli uangalie kibandiko cha nyuma. Utaona namba mbili za ampea. Moja ni ya umeme ambao paneli hutoa ikifanya kazi vizuri, na nyingine ni ya umeme inaotoa ukiunganisha waya zake mbili pamoja, yaani ukiipiga shoti. Namba hizo ni majirani. Paneli inayotoa ampea 10 kazini hutoa labda 10.6 kwenye shoti.

Rudia kusoma hapo. Kwa stima ya kawaida, shoti ni mara kumi au hata mara mia ya matumizi. Kwa paneli, shoti ni asilimia chache tu juu ya siku ya kawaida ya kazi. Paneli haina uwezo wa kusukuma zaidi ya kile jua linachoipa. Kwa hivyo fyuzi au breka inayongoja kelele itangoja hadi jioni. Kwake, waya inayoungua na mashine inayonyoa kichwa changu zinafanana.

Kuna jambo la pili, ambalo yule mzee aliligundua kwa jicho tu. Waya iliyoungua ilikuwa kati ya paneli na boksi. Hata breka ingeruka, ingekata umeme kutoka pale ilipo kwenda ndani ya nyumba. Kule juu, paneli na waya zingebaki zimeungana, na jua lingali linawaka. Ndiyo maana kushusha swichi zote hakukusaidia lolote. Mtambo wa umeme ulikuwa juu ya paa, na hatukuwa na swichi yake.

CHECHE ISIYOPUMZIKA

Mbona basi cheche haikujizima yenyewe? Umewahi kuchomoa pasi ikiwa imewashwa na ukaona cheche ndogo ya buluu kwenye soketi? Hufa mara moja. Hiyo ni kwa sababu umeme wa soketi huenda na kurudi. Hapa kwetu hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde, na kila unapogeuka, hupita kwenye sufuri. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde ambapo cheche hukosa chakula na kupata nafasi ya kufa.

Umeme wa paneli huenda upande mmoja tu, haugeuki, haupiti sufuri. Cheche ikishawaka kati ya waya mbili, hulishwa bila mapumziko. Na paneli sita zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na takriban volti 40 zikiwa hazina mzigo, hukupa zaidi ya volti 200. Kwa nguvu hiyo, cheche inaweza kuruka mwanya mdogo na kukaa hapo, ikiwa na joto la kuyeyusha shaba.

Ndiyo maana swichi na breka za upande wa paneli lazima ziwe zimetengenezwa kwa umeme wa upande mmoja. Ndani yake huwa na njia za kuivuta cheche, kuirefusha na kuikatakata hadi ife. Breka ya kawaida ya stima haijaundwa hivyo. Ukiiweka kwenye paneli, inaweza kufunguka lakini cheche ikabaki ndani yake ikiwaka hadi boksi liyeyuke. Kwa jicho zinafanana, tena ya kawaida huwa rahisi kwa bei, na hapo ndipo fundi wa haraka hukumaliza.

Kumbe kwa kinyozi wangu kosa lilikuwa dogo kabisa. Waya mbili za paneli zilipitishwa pamoja chini ya ukingo wa bati, bila bomba la kuzikinga. Upepo ukitikisa bati, ukingo unakata ngozi ya waya kidogo. Kesho tena kidogo. Siku shaba ya waya zote mbili ilipoonekana, kazi ikaisha.

HITILAFU INAYOJIFICHA

Si kila hitilafu huja na mwanga wa buluu. Nyingine hukaa miezi bila kusema kitu.

Mfano ambao wataalamu wa sola hurudia ni wa Bakersfield, California. Aprili 5, 2009, paneli zilizokuwa juu ya paa la duka kubwa zilishika moto. Uchunguzi ulionyesha hitilafu mbili. Ya kwanza ilikuwa waya iliyogusa chuma na kuvujisha umeme kidogo, kiasi kidogo mno kuichoma fyuzi iliyowekwa kulinda mfumo. Hakuna aliyejua. Kisha waya ya pili, nene zaidi, nayo ikagusa chuma mahali pengine. Fyuzi iliungua kama ilivyotakiwa, lakini umeme tayari ulikuwa umepata njia ya kurudi kupitia ile hitilafu ya kwanza. Ukaendelea kuzunguka, na moto ukaanza. Mwaka wa 2011 moto wa namna hiyo ulitokea tena Mount Holly, North Carolina. Tangu mwaka huo, kanuni za umeme za Marekani zinataka mifumo ya paneli iliyo kwenye majengo, ya kuanzia volti 80, iwe na kifaa cha kutambua cheche na kukata umeme.

Kifaa hicho hakipimi ukubwa wa umeme. Husikiliza mlio wake. Umeme safi wa paneli ni laini kama barabara ya lami iliyozinduliwa jana. Cheche huufanya utetemeke ovyo ovyo kwa kasi kubwa, na kifaa kinaujua mtetemo huo. Inveta nyingi za siku hizi zinacho ndani. Shida ni kwamba kwa baadhi yake lazima mtu akiwashe kwenye mipangilio, na wengi hawajui hata kama kipo.

Njia ya pili ya kunasa hitilafu ni kuhesabu, na hii makanga yeyote anaielewa. Matatu imebeba watu 14 kutoka stejini. Wakishuka 13 na hakuna aliyebaki ndani, kuna mmoja aliyerukia dirishani. Kuna kifaa kinachofanya hivyo kwa umeme: kinapima unaotoka na unaorudi. Ukikosekana hata milliampea 30, kwa mfano kwa sababu unapita kwa mwili wa mtu kwenda ardhini, kinakata mara moja. Breka ya kawaida haiwezi kuona kiasi hicho kamwe. Mafundi wengi hukiita breka ya uhai, na kina kitufe cha kujaribia ambacho pengine hujawahi kukibonyeza tangu uhamie.

Njia ya tatu iko ndani ya inveta nyingi za kuunganishwa na gridi. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, inapima kama waya za paneli zimetengana vizuri na ardhi. Zikiwa zimechubuka mahali, kipimo hushuka na inveta hukataa kuwaka. Na hapa ndipo sisi hujiharibia wenyewe. Kosa hili hupenda kuonekana asubuhi yenye umande au baada ya mvua ya Aprili, maana maji hupitisha umeme pale ngozi ya waya ilipochubuka. Ikifika saa nne paa limekauka, kosa limepotea, na inveta inafanya kazi kama kawaida. Tunasema, "Imejitengeneza." Haijajitengeneza. Imekuambia kuna waya iliyochubuka, na wewe ukangoja ikauke.

TUMBILI WA GITARU NA MOSHI WA CALIFORNIA

Toka sasa kwa paa la kinyozi uangalie nchi nzima, maana swali ni lile lile kwa ukubwa tofauti.

Unamkumbuka yule tumbili? Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ikalemewa na mzigo nayo ikajitoa. Kukapotea zaidi ya megawati 180, na Kenya ikaingia giza. Tumbili alipona, akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mtandaoni tulicheka wiki nzima.

Lakini fikiria vile vifaa vya ulinzi. Viliona hitilafu na vikakata ili mashine zisiungue. Kazi yao ni hiyo. Tatizo ni pale kukata kunapokuwa kwa haraka kiasi kwamba hitilafu ya sehemu moja inazimia watu wote. Ulinzi wa umeme huishi katikati ya makosa hayo mawili: kunyamaza wakati kuna moto, na kupiga nduru wakati kuna tumbili.

Miezi miwili tu baadaye, Agosti 16, 2016, sola ilipata tumbili wake. Moto wa msituni uliopewa jina Blue Cut ulikuwa ukiwaka kusini mwa California, karibu na nyaya kuu za umeme. Moto na moshi wake ulisababisha shoti kwenye nyaya hizo. Vifaa vya nyaya vilifanya kazi yake na kuondoa hitilafu kwa chini ya sekunde moja. Ingepaswa kuishia hapo. Lakini kwenye mashamba ya sola ya eneo hilo, inveta nyingi zilisoma mtikisiko ule mfupi vibaya. Zikadhani mapigo ya umeme wa gridi yameshuka, zikajitoa. Zingine zilisimama kwa muda kwa sababu volti zilikuwa zimeyumba. Kwa jumla zilipotea karibu megawati 1,200, yaani karibu nusu ya umeme ambao Kenya nzima hutumia saa za kilele. Jua lilikuwa linawaka, paneli zilikuwa nzima. Kilichokosea ni uamuzi wa kompyuta ndogo nyingi kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo, mipangilio ikabadilishwa ili inveta zisubiri kidogo na kupima vizuri kabla ya kukimbia. Kwetu si hadithi ya mbali. Tuna kituo cha sola cha Garissa cha megawati 50, tuna viwanda, vyuo na maduka yenye paneli juu ya paa, na Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango wa wateja kurudisha umeme wao kwenye gridi. Nyaya za mtaa zilijengwa zikijua umeme hutoka upande mmoja: kituo, transfoma, nyumba. Ukianza kurudi kutoka kwa mapaa, kifaa kilichoko kituoni kinaweza kuona nusu tu ya hitilafu, kwa sababu nusu nyingine inalishwa na sola za majirani. Kinakawia kukata, au kinakata laini isiyo na kosa. Ndiyo maana wahandisi sasa hutaka vifaa vinavyojua umeme unatoka upande gani, na vinavyolinganisha vipimo vya ncha zote mbili za waya.

Hapo pia kuna jibu la swali ambalo wengi huuliza: mbona sola yangu iliyounganishwa na stima hujizima stima ikipotea, na jua liko? Ni kwa ajili ya mtu aliye juu ya nguzo. Fundi wa laini akizima transfoma, anatarajia waya iwe imekufa. Paneli zako zikiendelea kulisha waya hiyo, ndizo zitakazomuua. Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi inataka inveta ijitoe ndani ya sekunde 2. Ukitaka umeme wakati huo, unahitaji inveta ya betri inayojitenga kabisa na laini kwanza. Fundi akikuambia anaweza "kuiruka" hiyo sehemu, mwonyeshe mlango.

KIJIJI KIZIMA GIZANI KWA AJILI YA BIRIKA MOJA

Mahali ambapo jambo hili linauma zaidi ni vijijini ambako hakuna gridi kabisa. Serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ina mradi wa KOSAP wa kupeleka sola katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Kampuni nazo zina mitandao midogo, kama ule wa Kalobeyei, Turkana. Paneli, betri, inveta, nguzo, kisha nyumba, maduka, zahanati.

Piga hesabu nami. Tuseme inveta ya kijiji ni ya kilowati 50. Kwa stima ya laini tatu ya volti 415, hiyo ni kama ampea 70 kwa kila laini. Inveta hujilinda yenyewe, maana vipuri vyake vya ndani huungua upesi. Kwa hivyo hata ikipigwa shoti, nyingi hutoa mara 1.2 au zaidi kidogo ya kipimo chake, tuseme ampea 80 hadi 100. Lakini breka ya ampea 63 aina ya C iliyo kwenye laini inahitaji angalau ampea 315 ili iruke papo hapo. Umeme huo haupo. Hakuna mtambo wa Olkaria nyuma ya hii inveta.

Kwa hivyo birika likipiga shoti kwenye nyumba moja ya mwisho wa kijiji, na breka ya hapo ikiwa kubwa kuliko inavyofaa, breka inasinzia. Inveta inaona volti zimeanguka, inajitetea, inazima. Kila kitu kinaenda: taa za shule, posho mili, na friji ya chanjo kwenye zahanati. Fundi anaiwasha, inazima tena. Sasa anatembea nyumba hadi nyumba na tochi akitafuta birika.

Suluhisho zipo na hazihitaji miujiza. Kila nyumba iwe na breka ndogo, ambayo hata umeme mchache wa inveta unatosha kuifyatua, pamoja na breka ya uhai. Kijiji kigawanywe laini kadhaa badala ya moja, na zahanati iwe na yake. Vifaa vya laini viwekwe vinavyoangalia kushuka kwa volti, maana kwa mtandao mdogo volti husema ukweli mapema kuliko ampea. Mita za kisasa zinazotuma vipimo zinaweza kumwonyesha fundi ni nyumba gani ilikuwa ya mwisho kabla ya giza. Haya hupangwa kabla nguzo hazijasimama. Baada ya hapo, kila kitu ni gharama na lawama.

ULIZA HAYA KABLA YA KULIPA

Pengine wewe huna kijiji. Una bedsita yenye mwenye nyumba anayetaka kuweka sola, au una biashara yako ndogo. Mambo ni haya.

Kwanza, leseni. Tangu kanuni za sola za 2012, fundi wa sola anapaswa kuwa na leseni, ambayo sasa iko chini ya EPRA. Kuna madaraja ya T1, T2 na T3, na T1 ni ya mifumo midogo kabisa. Mwenye T1 si mtu wa kuunganisha paneli zako na gridi. Omba kuiona, usione haya.

Pili, iko wapi swichi ya kutenga paneli? Iwe ya umeme wa upande mmoja, iwe mahali mtu anaweza kuifikia bila ngazi, na iandikwe. Karibu na paneli ndiyo bora zaidi, kwa sababu kila waya iliyo kabla yake hubaki hai mchana kutwa.

Tatu, waya zinapita wapi? Zisiguse ukingo wa bati, zisining'inie, ziwe ndani ya bomba lisiloharibiwa na jua. Na vile viunganishi vya kubonyeza vya paneli viwe vya kampuni moja pande zote mbili. Vya kampuni tofauti huingiana lakini havishikani sawasawa, na hapo joto huanza.

Nne, fremu za paneli zimeunganishwa na ardhi? Bila hiyo, hitilafu ya kwanza hujificha hadi mtoto aguse mlingoti akianika nguo.

Tano, inveta ikitoa onyo la asubuhi, lipige picha na umwite fundi siku hiyo hiyo, hata kama limepotea ifikapo saa nne.

Na ukiona mwanga wa buluu? Toa watu nje. Zima stima na swichi ya paneli kama unaifikia bila kukaribia moto. Usimwage maji, usiguse bati wala mlingoti, na usipande juu ukiwa na turubai kwa sababu umesoma stori yangu. Yule mzee alijua anachofanya, na bado alituambia baadaye kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka. Piga simu kwa wazima moto na uwaambie mapema kwamba kuna sola juu ya paa, kwa sababu wao pia hawawezi kuizima mchana.

Kinyozi wangu alirudi kazini baada ya siku tatu. Ana swichi nyekundu kando ya mlango sasa, na bomba jeusi linalopanda hadi kwa paa. Kile kipande cha waya kilichoyeyuka amekiweka mbele ya kioo, karibu na poda, na wateja wakiuliza ni nini, huwapa hadithi yote wakiwa hawawezi kutoroka. Nilipoketi animalizie nusu iliyobaki, aliniambia swali ambalo sasa humuuliza kila fundi anayepita pale, na nakuachia nawe: "Waya ikichubuka kule juu saa nane mchana, ni kifaa gani kitaiona?"

Fundi akijibu "breka," muulize tena.